Mishale Miwili kwenye Bunduki ya Mzee Sita

Niliondoka kwangu Manyoni kwa sababu ya simu ya mtu nisiyemjua, na kwa sababu mimi ni mbea. Wenzangu wana umbea wa ndoa za watu, mimi nina umbea wa bunduki kuukuu. Nilikuwa fundi silaha jeshini mpaka nikastaafu, na huko niliambukizwa ugonjwa usio na dawa: nikiona bunduki ya zamani siwezi kupita bila kutaka kujua ilifuliwa wapi, mwaka gani, na ilimtumikia nani. Kuziweka nyumbani siwezi. Sheria hairuhusu, na mume wangu ndiye haruhusu zaidi. Kwa hiyo nakusanya alama zake. Naweka karatasi nyembamba juu ya chuma, nasugua kwa penseli taratibu, na alama inapanda kwenye karatasi: taji, nyota, herufi, namba. Nina madaftari makubwa mawili yamejaa. Wajukuu zangu wanasema bibi anakusanya uchafu wa penseli.

Simu yenyewe iliingia Jumanne, nikiwa napepeta ulezi. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Elisante, fundi cherehani wa Mtinko, kule kaskazini mwa Singida mjini.

"Mama Kashindye, shikamoo. Nimeambiwa wewe unasoma bunduki."

"Marahaba. Nasoma zikiwa na maandishi. Zisizo na maandishi naziangalia tu kama wewe. Kuna nini?"

Kulikuwa na baba yake. Mzee ana miaka zaidi ya themanini na bunduki isiyo na kibali ndani ya nyumba. Serikali imetoa msamaha: mwenye silaha ya namna hiyo aisalimishe polisi, hatashitakiwa. Mwisho ni Ijumaa jioni. Ikipita Ijumaa ni mahakamani, na umri hautamsaidia. Mtendaji wa kijiji alikuwa ameshazungumza na kituo, na polisi wameshasema ileteni tu, yaishe. Lakini mzee amegoma. Anasema bunduki hiyo baba yake alimnyang'anya Mjerumani vitani kwa mikono yake, na haitoki mle ndani mpaka aje mtu anayejua kusoma chuma, amwandikie kwamba ni kweli.

"Na asipokuja?" niliuliza.

"Amesema wakamfunge nayo."

Basi, mtu mwenye akili angesema pole akaendelea na ulezi wake. Mimi niliuliza nauli ya kufika Singida siku hizi ni kiasi gani.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi ya Manyoni na kikapu changu. Ndani mlikuwa na madaftari, penseli, brashi ya viatu, chupa ndogo ya mafuta ya taa, tochi, lenzi ya kusomea, na kanga ya kubadili. Ndani ya basi nilikaa na bwana mmoja mwenye suti, mtu wa maneno mengi, muuza asali wa Itigi. Aliniuliza kabila, akaniuliza watoto, akaniuliza dini, halafu akauliza ninaenda kufanya nini Singida. Nikamwambia naenda kuangalia bunduki. Baada ya dakika tano alihamia kiti cha nyuma akisema upepo wa dirishani unamwumiza sikio. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nilijinyoosha vizuri kwenye viti viwili nikalala.

Nilizinduliwa na kelele Mkiwa, penye njia panda. Pale gari likisimama tu, kuku wanapanda madirishani, wananing'inizwa miguu juu, kila mmoja anasifiwa kuwa ni wa kienyeji kabisa. Mama mmoja alinisukumia jogoo mpaka usoni.

"Chukua huyu mama, huyu amekula mtama mtupu."

"Na mimi nimekula nini asubuhi? Nipe mayai ya kuchemsha mawili, huyo jogoo mrudishe kwao."

"Haya, lakini ukirudi utamchukua."

Nilimwahidi. Mkiwa huwa naahidi kila mtu.

Saa nne kasoro tuliingia Singida. Mji ule una upepo usiojua adabu. Unakupokea stendi kwa kukuvua kilemba, halafu unakutia vumbi la macho ili usione nani kakuvua. Elisante alinitambua kwa namna nilivyokuwa nikigombana na kanga yangu. Ni kijana wa miaka arobaini hivi, mwembamba, kola imenyooka kama ya mtu anayejishonea mwenyewe. Alinisalimu kwa heshima, akanipeleka kunywa chai kwenye mgahawa, na nilipouma chapati ya kwanza akasema alilokuwa nalo moyoni.

"Mama, naomba kitu. Ukikuta siyo ya Mjerumani, sema ni ya Mjerumani."

"Niseme uongo?"

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mama, baba atafungwa. Ana presha, ana miguu inavimba. Hatamaliza hata mwezi kule." Macho yake yalijaa machozi akaangalia pembeni. "Kauli moja tu. Anaitoa bunduki, tunaipeleka, tunarudi kula."

Nisiwafiche. Nilikubali. Sikumwambia kwa mdomo, lakini moyoni nilikuwa nimekubali kabla chai haijapoa. Nimewahi kudanganya kwa sababu ndogo zaidi ya hiyo, na Mjerumani mwenyewe hayupo aje kulalamika.

Tukapanda pikipiki yake. Njia ya kwenda Mtinko ni vumbi na mawe, mawe makubwa yaliyopandiana mtu asijue nani aliyapanga, na katikati yake mashamba ya alizeti yaliyokauka yakisubiri kuvunwa, vichwa chini. Mgongo wangu ulihesabu kila shimo. Mtinko penyewe tulisimama sokoni kununua sukari na majani ya chai, kwani huendi kwa mzee mikono mitupu. Mwuza vitunguu alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Mgeni wa Mzee Sita huyu?"

Elisante aliitika kwa kichwa. Tulipoondoka nikamwuliza hilo Sita la baba yake ni jina la ukoo?

"Hapana mama, ni la utoto, limemganda. Alipokuwa mdogo anachunga, alipoteza ng'ombe sita wa babu. Babu akamtoa shule, akiwa darasa la pili, akamwambia utachunga mpaka wazaliwe wengine sita. Hakurudi tena. Mpaka leo hajui kusoma. Wenzake wakamwita Sita, na sisi watoto tukakua tunalisikia tu." Alicheka kidogo. "Hata yeye mwenyewe huwa anacheka."

Saa saba mchana tulifika. Nyumba ni ya bati, lakini ubavuni wameacha tembe la zamani la udongo limesimama, la kuhifadhia mtama na, kama nilivyokuja kuelewa, silaha za kivita. Mzee Sita alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, fimbo magotini. Mkewe, mama yake Elisante, alikuwa anasonga ugali. Mtendaji wa kijiji alikuwepo pia, na faili lake kwapani, anaangalia saa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu. Umetoka wapi?"

"Manyoni, baba. Lakini kwetu ni Tabora. Mimi Mnyamwezi."

Uso wa mzee ulibadilika. Alimgeukia mwanawe. "Nimekuambia niletee mtaalamu, umeniletea mtani!"

"Tulia, babu," nikasema, "Wanyaturu hamjawahi kupata mtaalamu wa bei hii. Nimekuja kwa ugali tu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kwa msiojua: Mnyamwezi na Mnyaturu ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukania marehemu wako mbele ya kaburi lake, nawe ukinuna ni wewe mwenye kosa. Tukala ugali wa uwele kwa mlenda, huku nikiusimanga mlenda wao na yeye akiniuliza kama Tabora siku hizi wameshajifunza kuvaa viatu. Nilimpenda yule mzee. Ndiyo maana mambo yaliyofuata yaliniuma.

Baada ya kula aliingia tembeni mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alitoka na kitu kirefu kimeviringishwa ndani ya blanketi na ngozi ya mbuzi. Alikilaza kwenye mkeka mbele yangu kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Nikafunua upande wa mbele kidogo tu.

Nikajua. Sikuhitaji hata lenzi. Bunduki za Mjerumani mtutu wake unachomoza nje ya mti. Hii mti ulikwenda mpaka mwisho, na pua yake bapa kama ya nguruwe. Ni ya Mwingereza, mchana kweupe. Nikamtazama Elisante, naye akasoma uso wangu, akainamisha kichwa.

Kwanza niliielekeza ukutani, nikafungua komeo lake la kuingizia risasi, ambalo liligoma kwa sababu lilipakwa mafuta ya kondoo miaka na miaka, nikaingiza kidole na tochi kuhakikisha hamna risasi. Hamkuwa na kitu isipokuwa buibui. Nikasugua kutu kwa brashi na mafuta ya taa pale kwenye mkanda wa chuma, nyuma ya komeo, ambapo Mwingereza huandika mambo yake. Nikaweka karatasi, nikaanza kusugua kwa penseli.

Nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni. Tatizo ni kwamba mzee hakukaa mbali. Alisogeza kigoda, akaikamata ile karatasi ilipokamilika, akaishika juu chini, halafu akaweka kidole kwenye alama ya kwanza.

"Hii ni nini?"

"Taji. Kofia ya mfalme."

"Wa Mjerumani?"

Nikapuliza unga wa penseli. "Wacha tumalize kwanza, baba."

"Na hii?"

"Mwaka."

"Na hivi viwili, kama mikuki inapigana?"

Kidole chake kilikuwa bado juu ya karatasi yangu. Mtu huyu hakuwahi kupata mwalimu baada ya darasa la pili, na sasa ananiuliza herufi moja moja kama wanavyouliza watoto. Ningemdanganya vipi? Ningemwambia taji ni nyota? Uongo ulinikwama. Na mimi nikikwama huwa nakimbilia utani, ndiyo tabia yangu mbaya tangu jeshini.

"Mtani wangu," nikasema kwa sauti ya kuchekesha, "hii bunduki ni ya Mwingereza. Na mwaka huu hapa, Mjerumani alikuwa ameshafungasha virago zamani, amerudi kwao kula viazi. Mshale mmoja maana yake mali ya jeshi. Mishale miwili ikigusana ncha hivi, jeshi lenyewe limeiuza kwa raia. Labda ilinunuliwa na mzungu wa machimboni, naye akaiuza kwa siri. Baba yako hakumnyang'anya mtu kitu! Alinunua, kama anayenunua sukari. Na ninavyowajua nyie Wanyaturu hamtoi hata kifaranga bila kikao, basi huyo mzee ilibidi ajiibie ng'ombe wake mwenyewe usiku!"

Mtendaji alicheka. Mama yake Elisante alianza kucheka, akaishia njiani. Mzee hakucheka wala hakununa. Alikaa akiiangalia karatasi, na mimi nilijua nimegusa kitu ila sikujua ni kipi.

"Huwezi kukosea?" aliuliza taratibu.

"Kwa mwaka na mishale, hapana, baba."

"Nionyeshe nyingine."

Nikamfungulia daftari. Nikamwonyesha zenye mshale mmoja, zilizokamatwa, zilizookotwa, zilizoachwa na askari. Halafu zenye miwili, zilizouzwa. Alizipitia zote kwa kidole, hakuruka hata moja.

"Baba alituonyesha bunduki hii," alisema, "mwaka ule ule ng'ombe walipopotea. Alisema ilikuwa imefukiwa ardhini tangu vita, na ameifukua kwa sababu wezi wa ng'ombe wameingia, maana mwanawe ni mzembe. Mimi nilikuwa nimelala, unajua. Nililala chini ya mti kidogo tu, jua kali. Nilipoamka sita hawapo. Nilitafuta nyayo siku tatu. Nilipigwa mpaka mkojo ukawa na damu. Kuna mmoja alikuwa mwekundu, kiongozi wao, nikasema huyu ndiye aliyewapoteza wenzake. Nimemlaani ng'ombe yule maisha yangu yote."

Mkewe alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Alijua," mzee akasema. "Alinitazama nikitafuta nyayo, na alijua."

Akainuka, akaenda zizini, akasimama huko ametugeuzia mgongo. Elisante alinigeukia kwa hasira ambayo sina haki ya kuilalamikia.

"Nilikuomba kauli moja, mama. Moja!"

"Uliniomba."

"Sasa hatatoa. Kesho watakuja kumchukua, na ameondokewa na baba yake mara ya pili."

Niliona haya, na niliuchukia mdomo wangu, nasema ukweli. Nilikusanya penseli zangu nikakaa jikoni na mama yake Elisante kuchambua kunde. Baada ya muda mrefu yule mama aliniambia, bila kuinua macho, "Mume wangu huwa anaamka usiku anahesabu ng'ombe kwa sauti. Miaka hamsini nalala naye. Huwa anafika sita anaanza upya." Halafu akanipa ungo mwingine wa kunde.

Ijumaa, jua linachomoza, niliamshwa na mlango wa tembe. Mzee alikuwa amevaa koti la kanisani na viatu. Bunduki ilikuwa begani mwake, safari hii ndani ya gunia la alizeti. Lile blanketi na ile ngozi ya mbuzi alikuwa amevitupa pembeni ya zizi.

"Mwite mtendaji," alimwambia Elisante. "Na wewe mtani twende. Utasoma."

Kituo cha polisi kiko kando ya barabara, chumba kimoja na benchi. Mtendaji alitangulia kupiga simu, kwa hiyo tulipofika askari wa zamu alikuwa anatusubiri nje, akatuamkia vizuri, akaipokea bunduki kwa utaratibu, akahakikisha ni tupu. Alikuwa kijana mpole, wa umri wa kuwa mjukuu wa mzee. Akatoa fomu.

"Jina, babu?"

Mzee akataja jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo, ambalo mimi nililisikia kwa mara ya kwanza.

"Aina ya silaha?" Nikamsomea, na namba, mara mbili, kwa sababu kutu ilikula tarakimu moja.

"Na hapa, kwa kumbukumbu tu: imepatikanaje?" Askari alikuwa ameshaanza kuandika. "Mtendaji aliniambia ni ya vita vya Mjerumani, siyo?"

Elisante alinitazama. Mimi nilitazama ukuta. Kama kuna siku niliufunga mdomo wangu, ni ile.

"Futa," mzee akasema. "Andika, baba yangu aliinunua kwa ng'ombe sita."

"Sawa babu. Ng'ombe sita." Akaandika. "Basi, weka dole gumba hapa."

"Hujamaliza. Andika, ng'ombe hao hawakupotea. Na aliyekuwa akiwachunga hakuwa mzembe. Alikuwa mtoto, alilala kidogo."

Askari alijikuna shingo kwa kalamu. "Babu, fomu haina nafasi ya hayo."

"Geuza karatasi. Nyuma kuna nafasi."

Kijana alimtazama, akatutazama sisi, halafu akaigeuza ile fomu na akaandika polepole, neno kwa neno, huku mzee akimtajia upya. Alipomaliza mzee alimwambia asome. Akasoma. Akamwambia asome tena. Elisante alitoka nje, na nilipomfuata nilimkuta ameshika usukani wa pikipiki analia kama mtoto, nami nikalia, hata sijui mimi nililia nini.

Saa tano nilikuwa njiani kurudi. Mzee aliniaga pale kituoni kwa kunitukana vizuri, akaniambia niwasalimie Wanyamwezi wote wasio na viatu, kisha akanishika mkono akakawia kuuachia. Mkewe alikuwa amenifungia kunde na jogoo tangu nyumbani. Mwuza vitunguu wa sokoni alituona tunapita, akapaza sauti kumwuliza Elisante kama mzee wao ameshafungwa. Elisante hakusimama.

Nimefika nyumbani salama, mgongo umekataa kunyooka. Mniulize nimejifunza nini. Bunduki bado nazisoma, nikiitwa nakwenda. Ila sasa, kabla sijatoa penseli, huwauliza wenye nyumba swali moja: mwaka silaha hii ilipoingia hapa ndani, ni mtoto gani aliyepigwa?